Kabla ya kumfunza mzee karate, mfunze kocha

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 71 aliponijia asubuhi moja akiwa ameuninginiza mkono wa kulia kwa leso. Alikuwa ametoka Kiambere, kule Mbeere Kusini, akapanda matatu ya alfajiri kupitia Kiritiri hadi mjini Embu. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba na kupinda kama mgongo wa uma. Picha ya eksirei ilithibitisha nililokuwa nikilishuku: mfupa wa kigasha ulikuwa umevunjika, juu kidogo ya kifundo.

"Umeangukia wapi, Cucu?" nikamwuliza.

"Kwa karate," akajibu, na kabla sijatabasamu akaongeza: "Na ni wewe uliyenituma huko."

Naam, ni mimi. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekuja kuchukua dawa zake za shinikizo la damu. Akanieleza kwamba wanawe watatu wanaofanya kazi Nairobi walikuwa wamechanga pesa, wakamtafutia yeye na wazee wenzake mwalimu wa karate, kijana mwenye mkanda mweusi, awafunze kila Jumamosi. Foleni mlangoni pangu ilikuwa ndefu siku hiyo. Nikamwambia, "Mazoezi ni mazuri, Cucu. Nenda." Sikumwuliza kama amewahi kuanguka. Sikuuliza huyo mwalimu anafunza nini. Sikumwandikia hata karatasi ya kumpelekea.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Safari hii mkuu ndiye aliyevunjika mkono, kwa kuwasikia wadogo zake wawili: mimi na kocha wake.

Nilipomaliza kumfunga plasta, ambayo angekaa nayo wiki sita, aliniuliza swali moja tu: "Hii ikitoka, nitarudi Jumamosi?" Nilikuwa tayari kumkataza. Ndipo aliponiambia hivi: "Daktari, tangu mume wangu afariki, hiyo ndiyo siku pekee katika wiki ambayo mtu huniambia niinuke. Siku nyingine zote huniambia niketi."

Msomaji, makala haya ni jibu nililompa. Kwa ufupi, nilimwambia kwamba atarudi, lakini kwanza kocha wake atafunzwa. Iwapo wewe ni kocha, au una mzazi aliyezeeka, au wewe mwenyewe umevuka miaka 60 na unatamani kujifunza michezo hii ya kujihami, hebu tufuatane.

Kwa nini wazee wanaitaka?

Usidhani ni mzaha wa wazee wasio na kazi. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, akina nyanya walijikusanya katika kundi linalojulikana kama Shosho Jikinge, wakajifunza kupiga mayowe, kupiga ngumi na kulenga sehemu nyepesi za mwili wa adui, kwa sababu wanawake wakongwe walikuwa wakivamiwa na kunajisiwa na wanaume wenye umri wa wajukuu wao. Hao hawakutafuta medali. Walitaka kulala usiku wakiwa na amani.

Kiambere ni kwingine kabisa. Ni nchi kavu ya ndengu, mtama na punda wa kubeba maji, ingawa bwawa kubwa la umeme lililoanza kazi mwaka wa 1988 kwenye Mto Tana liko hapo hapo. Vijana wengi wametawanyika mijini na wazee wamebaki na wajukuu. Mzee wa huko ana hofu ya mwizi, ndiyo, lakini ana hofu kubwa zaidi: kuanguka akiwa peke yake nyumbani, au njiani kutoka mtoni, asiweze kuinuka hadi mtu apite.

Na wazee si wachache. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria, katika taarifa yake ya mwaka wa 2021, kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, kama yetu. Wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60.

Ushahidi tulio nao

Je, michezo hii husaidia kweli? Ushahidi bora zaidi unahusu tai chi, mchezo wa Kichina unaofanywa polepole, mtu akihamisha uzito wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mwaka wa 1996, utafiti uliofanywa mjini Atlanta, Marekani, kwa watu 200 waliotimiza miaka 70 na zaidi, uligundua kwamba wiki 15 za tai chi zilipunguza hatari ya mtu kuanguka mara kwa mara kwa karibu nusu. Mwaka wa 2018 utafiti mwingine wa jimbo la Oregon, kwa watu 670 wa umri huo ambao tayari walikuwa katika hatari ya kuanguka, uliwapa baadhi yao tai chi mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 24. Walianguka mara chache zaidi kwa asilimia 58 kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyosha tu.

Judo nayo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano nchini Japani mwaka wa 1882, ina elimu yake ya kuanguka, ambayo Wajapani huiita ukemi. Watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha mwaka wa 2007 matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu anayejua kubingirika anapoanguka kwa ubavu hupunguza kishindo kinachofika kwenye nyonga kwa zaidi ya robo. Tahadhari, hata hivyo: waliopimwa walikuwa watu waliozoea judo. Watafiti hao hao baadaye walisisitiza kwamba mwenye mifupa dhaifu afunzwe juu ya godoro nene, avae kinga ya nyonga, na asianguke kifudifudi kutoka wima.

Umeona jambo hilo, msomaji? Katika tafiti hizo hakuna aliyemchukua mwalimu wa vijana akamwachia kundi la wazee. Somo lilikatwa na kushonwa upya ili liwafae. Hapo ndipo sisi tulipokosea Kiambere.

Jumamosi ya pili baada ya ajali nilifunga kliniki nikaenda kumwona kijana yule. Aliniona nikishuka garini akadhani nimekuja kumshtaki. Alikuwa kijana mwenye adabu, na kazi yake aliijua. Alinionyesha jinsi ajali ilivyotokea: aliwapanga wazee mistari miwili, kisha akawaamuru warudi nyuma kwa kasi huku wakikinga ngumi, kama alivyofunzwa yeye shuleni. Uwanja ulikuwa na changarawe. Cucu alikuwa amevaa patipati. Kisigino kikakanyaga jiwe, akatupa mkono nyuma ili ajizuie.

"Nimefunza watoto miaka minane," akaniambia, "hakuna aliyevunjika."

Nikamwamini. Mtoto huanguka mara 20 kwa siku na kuinuka akicheka. Ndiyo maana miaka minane ya kufunza watoto haikumwandaa kufunza nyanya zao. Nami nilijua mifupa bila kujua mateke. Tukaketi chini ya mti, kila mmoja akamfunza mwenzake.

Mwili wa miaka 70

Jambo la kwanza nililomweleza kocha ni kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana uliochoka. Umebadilika.

Misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi. Inayotangulia kwenda ni ile ya nguvu za ghafla, ambayo humwezesha mtu aliyejikwaa kutupa mguu mbele upesi asianguke.

Mifupa, hasa ya wanawake waliokoma hedhi, huwa myepesi kama mkate uliojaa matundu. Mara nyingi mwenyewe hajui hadi uvunjike mmoja.

Usawa wa mwili hutegemea vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na nyayo zinazohisi ardhi. Mtoto wa jicho huharibu cha kwanza. Umri huchakaza cha pili. Kisukari huua hisia za cha tatu. Mzee anaweza kuwa amepoteza viwili na bado anatembea vizuri mchana. Mwambie afumbe macho uone.

Kisha kuna dawa. Nyingi za shinikizo la damu, pamoja na zile zinazomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, zinaweza kushusha damu ghafla mtu anapoinuka. Kichwa huzunguka, na chini akaenda. Mwenye kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akija mazoezini bila kula, sukari yake inaweza kushuka akatetemeka, akatokwa na jasho, hata akazirai.

Ili kocha asiyasahau haya, nilimfanyia mchezo ambao nakusihi nawe umfanyie kocha wako. Mpe miwani iliyopakwa mafuta ya kupikia. Mtie pamba masikioni. Mwambie atie punje za mahindi ndani ya viatu. Kisha mwamuru, kwa sauti ya haraka na kutoka nyuma yake, ageuke kushoto, ageuke kulia, arudi nyuma hatua tatu. Mtu asimame karibu naye amdake. Yule kijana wa mkanda mweusi aliyumba kama mlevi katika hatua ya pili. Akavua miwani, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nilikuwa nawaonea."

Maswali kabla ya somo la kwanza

Kocha si daktari na hatakiwi kupima wala kutibu. Lakini anaweza kuuliza, na ni lazima aulize, faraghani, mmoja baada ya mwingine, akiandika kwenye daftari:

Je, umeanguka katika miezi 12 iliyopita? Mara ngapi? Je, kichwa huzunguka ukiinuka? Je, kifua huuma au pumzi hukatika ukipanda mlima? Umewahi kuvunjika mfupa kwa ajali ndogo? Unameza dawa gani, na saa ngapi? Umepasuliwa hivi karibuni? Goti, nyonga, mgongo au shingo ipi hukuuma? Unaona vizuri? Je, mkojo hukuponyoka ukikohoa au ukiruka?

Swali la mwisho hushangaza makocha. Wanawake wengi huacha mazoezi kimyakimya kwa sababu hiyo, na kocha hubaki akidhani ni wavivu.

Mwenye kuumwa na kifua, kukatika pumzi, kuzirai, au aliyeanguka mara mbili na zaidi kwa mwaka, aende kwanza kwa daktari au afisa wa kliniki. Haina maana kwamba amekatazwa. Maana yake ni kwamba arudi na karatasi. Nilipomwuliza Cucu swali la kwanza, akiwa tayari na plasta mkononi, alinijibu kwamba mwaka uliotangulia alianguka mara mbili. Hakumwambia mtu, maana wanawe wangesikia wangemhamishia Nairobi. Swali hilo lingenichukua nusu dakika tu siku ile ya foleni.

Kiti kimoja na saa

Baada ya maswali kuna vipimo vitatu rahisi, vinavyohitaji kiti imara na saa tu. Kocha asimame karibu wakati wote.

Cha kwanza: mzee ainuke kitini, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka.

Cha pili: akunje mikono kifuani, ainuke na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asiyefikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo asiyefikisha 12, miguu yake ni dhaifu.

Cha tatu: asimame kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu wa pili, kama anayetembea juu ya kamba. Asipoweza kukaa hivyo sekunde 10, usawa wake una kasoro.

Anayeshindwa hafukuzwi. Huyo ndiye anayehitaji somo kuliko wote, ila aanze akiwa ameketi kitini au ameshikilia ukuta. Vipimo hivyo virudiwe baada ya miezi mitatu. Mzee akiona sekunde zimepungua hufurahi kuliko mtoto aliyepewa mkanda wa manjano.

Somo lenyewe

Shabaha ya somo kwanza. Kijana hufunzwa ili amshinde mpinzani. Mzee afunzwe ili asishindwe na ardhi. Kocha akilielewa hilo, mengine yote humfuata.

Uwanja uwe tambarare, usio na mawe wala utelezi. Mjini, sakafu ya ukumbi wa kanisa au wa mtaa yafaa. Viatu viwe vya kufungwa, vyenye soli isiyoteleza. Patipati zikae kando, na leso ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Huku kwetu kwenye jua kali, somo liishe kabla ya saa nne asubuhi, na maji yawepo. Kila mzee awe na kiti chake. Kundi lisizidi wazee 10 kwa kocha mmoja, na awe na msaidizi.

Waanze na dakika 10 hadi 15 za kupasha mwili moto, kisha dakika 20 za somo, kisha 10 za kupoa taratibu. Kipimo cha nguvu ni mdomo: mzee aweze kuzungumza akifanya zoezi, lakini asiweze kuimba. Asizuie pumzi anapokaza misuli, kwani shinikizo la damu hupanda ghafla. Kocha awaambie wahesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Yapo mambo ya kuondolewa kabisa. Kurushana, kukabana shingo, kuzungusha kichwa, kubingirika kwa kichwa mbele, kuruka, mateke ya juu, kuchuchumaa chini sana, kupiga ngumi vitu vigumu, na kurudi nyuma kwa kasi. Badala ya teke, mzee ainue goti huku akishika kiti. Badala ya msimamo wa chini, akunje magoti kidogo tu. Kugeuka kufanywe kwa hatua ndogondogo, si kwa kuzungusha goti.

Kocha aonyeshe jambo moja jipya kwa wakati mmoja, asimame mbele yao wamwone, na aseme polepole kwa sauti nzito inayosikika. Kupaza sauti nyembamba kwa hasira hakumsaidii mwenye masikio mazito. Majina ya Kijapani au ya Kikorea hayana faida kwa mzee wa Kiambere. Kijana yule alipata mbinu nzuri kuliko zote nilizomwambia mimi. Alitambua kwamba mama anayepepeta mtama tayari anajua kukinga kwa mikono miwili. Anayetwanga kwenye kinu anajua kushusha uzito kutoka nyonga. Anayechota maji mtoni anajua kukunja magoti akiwa amenyoosha mgongo. Akaanza kuyaita mazoezi yake kwa majina hayo, na wazee ambao mwezi mzima walikuwa wakisahau mpangilio hawakusahau tena.

Kuanguka na kuinuka

Hili liachwe hadi wiki za baadaye, na kwa wale tu walioruhusiwa. Lifunzwe juu ya magodoro mawili yaliyopangwa, kamwe si chini patupu. Mzee aanze akiwa amelala, kisha ameketi, hatimaye amepiga magoti. Kuanguka kutoka wima si lazima, na mwenye mifupa iliyothibitishwa kuwa dhaifu asijaribu.

Mambo ya kukumbuka ni machache: kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, magoti yakunjwe upungue urefu wa kuanguka, mwili ubingirike kwa ubavu badala ya kutua kama gunia, na mkono usinyooshwe mbele au nyuma kuizuia ardhi. Huo mkono ulionyooshwa ndio ulionipa mimi kazi ya plasta.

Lakini ukiniuliza ni zoezi gani moja lenye thamani kuliko yote, nitakwambia ni kuinuka kutoka chini. Mzee ageuke ubavu, ajisukume hadi apige magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, atambae hadi kwenye kiti, ashike kiti kwa mikono miwili, aweke mguu wenye nguvu mbele, ajiinue, kisha ageuke na kuketi. Apumzike kabla ya kusimama. Mzee aliyelala chini kwa saa nyingi bila msaada anaweza kupata vidonda, kukaukiwa na maji, hata homa ya mapafu. Anayejua kuinuka ameepushwa na mengi.

Kuhusu kujihami na mtu mbaya, kocha asiwadanganye wazee kwamba watapambana na kijana wakamshinda. Silaha za mzee ni sauti yake, umbali, mlango unaofungwa na jirani anayesikia. Mkongojo anaotembelea unaweza kumzuia mtu asimkaribie. Pigo moja sehemu nyepesi ni la kumpa nafasi ya kuondoka, si la kuanzisha vita. Na ikiwa anachotaka mwizi ni simu, apewe simu.

Heshima

Kocha wa miaka 28 hawezi kumwamuru mama wa 71 kama anavyoamuru wanafunzi. Aombe ruhusa kabla ya kumgusa ili amrekebishe mkono au nyonga, na ombi hilo lirudiwe kila mara. Asiwapange wawili wawili bila kuuliza nani ni nani kwa nani. Katika jamii nyingi za huku, mkwe hamgusi mama mkwe wake, na kocha mgeni anaweza kuvunja mwiko kwa sentensi moja. Mzee akisema "leo siwezi", jibu ni "karibu uketi nasi". Kumcheka au kumsukuma "ajikaze" ni kumfukuza, na pengine ni kumuua. Huenda kilichomfanya aseme hivyo ni moyo unaomlemea.

Siku ya ajali

Kila kocha awe na cheti cha huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hutoa mafunzo hayo nchini Kenya. Awe na nambari ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu, ya jamaa wa kila mzee, na ya mtu mwenye gari. Nambari hiyo ya gari ina thamani kubwa kijijini.

Mzee akishikwa na maumivu ya kifua, akikatika pumzi, uso ukipinda upande mmoja au ulimi ukawa mzito, mazoezi yaishe na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Mwenye kisukari akitetemeka na kutoa jasho, na bado anaweza kumeza, apewe sukari au soda yenye sukari. Aliyeanguka na kushindwa kusimama, mguu mmoja ukionekana mfupi na wayo umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga: asiinuliwe kwa nguvu, asikandwe, asivutwe mguu. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali, hasa akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, hata akisema yu mzima.

Wewe ufanye nini?

Wanawe Cucu walifanya jambo jema. Wengi wetu tulio mijini humtumia mzazi pesa kwa simu, tukaona tumemaliza. Wao walimtumia mwalimu. Walichosahau, kama nilivyosahau mimi, ni kumwuliza mwalimu maswali. Basi wewe usisahau. Mwulize kocha: Umewahi kufunza wazee? Una cheti cha huduma ya kwanza? Utamwuliza mama yangu nini kabla ya kuanza? Umeondoa nini katika somo lako? Akianguka utafanya nini? Mkanda mweusi unakuambia kwamba kocha anaujua mchezo. Haukuambii kwamba anamjua mama yako.

Wewe kocha nawe, tafuta siku moja uketi na muuguzi, afisa wa kliniki au mtaalamu wa viungo aliye karibu nawe, ukiwa na orodha ya mazoezi yako, mkayapitie moja baada ya jingine. Sisi madaktari tukupokee. Na mgonjwa wa miaka 70 akituuliza kama aende mazoezini, tumjibu baada ya kumwuliza, hata kama foleni imefika barabarani.

Cucu alirudi baada ya plasta kutoka na mkono kupata nguvu. Nilimpunguzia dawa moja, maana shinikizo lake lilikuwa likishuka mno anaposimama. Miezi mitano baadaye nilipita Kiambere Jumamosi moja. Nilimkuta amelala ubavu juu ya godoro. Kocha akahesabu, polepole, kwa Kimbeere. Cucu akapiga magoti, akatambaa, akashika kiti, akaweka mguu mbele, akainuka, akageuka, akaketi. Hakuna aliyemshika.

Akaniona, akaniambia, "Daktari, leo uliza lile swali lako."

Nikamwuliza kama ameanguka tangu tuonane.

"Mara moja," akasema, "nikitoka zizini. Nikaanguka kwa ubavu, nikainuka, nikaenda kupika."

Msomaji, ukimpata kocha asiyeweza kuyajibu maswali niliyokupa, usimfukuze. Mpe makala haya, kisha umpe na punje za mahindi atie viatuni.